Chikongola na Walio Ng'ambo ya Mto



Aliyezoea Mikindani, pamoja na misikiti yake na kuta zake za mawe, akija Mtwara huuliza mji wenyewe uko wapi. Ana haki ya kuuliza, kwani Mtwara ni mji wa juzi. Waingereza waliupima katika miaka ya mwisho ya 1940 kwa ajili ya mpango wao mkubwa wa karanga, wakapanga njia pana kupita kiasi, wakajenga bandari ya maji marefu na reli ya kwenda bara. Karanga hazikustawi, na reli nayo iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Hata leo tuna kata iitwayo Reli, wala ndani yake huoni reli. Zilizobaki ni njia pana, bandari, na mchanga.

Kata yetu ya Chikongola imo katika mji huo. Sina la kuisifia ambalo mtu wa kata nyingine hatalipinga. Nyumba zake nyingi ni za matofali na mabati, nyuani mna miembe na mikorosho, asubuhi hupita wachuuzi wa samaki na baiskeli zao, na alasiri husikika sauti za watoto wakisoma Juzuu Amma vibarazani, maana vyuo vya Kurani kwetu si haba. Kimojawapo ndicho nifundishacho mimi.

Neno nitakalo kuliandikia leo ni dogo, nalo ni "ng'ambo". Kwa mtu wa Unguja, Ng'ambo ni mtaa. Kwetu sisi, ng'ambo ni ukingo wa pili wa mto Ruvuma, yaani Msumbiji. Mtu akisema, "Shangazi yangu yuko ng'ambo," hapana amwulizaye ni ng'ambo gani.

Ukitazama ramani utaona mstari umepita mtoni. Mstari huo ni mgeni. Kusini ya mlango wa mto ipo Kionga, ambayo Wadachi waliichukua mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916 vita vilipokuwa vinapiganwa, na mwaka 1919 wakubwa wa Ulaya wakawathibitishia. Bibi mzaa bibi yangu alizaliwa huko. Alizaliwa chini ya Mdachi, akaolewa chini ya Mreno, wala kitongoji hakukihama. Wamakonde wako pande zote mbili, na Wamakua wako pande zote mbili, na Wamwani wa pwani ya kusini lugha yao na yetu ni ndugu wa damu. Tunaoana, tunazikana, na ugomvi wa mirathi hauulizi paspoti.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980, nilikaa mkeka mmoja na watoto waliovuka mto. Vita vya kumwondoa Mreno vilivyoanza mwaka 1964 vilikuwa vimekwisha, lakini Msumbiji ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, navyo havikwisha hata ulipotiwa sahihi mkataba wa Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Mwalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na desturi yake. Kila Alhamisi kabla ya kufungua chuo alituamuru tusome Fatiha kwa ajili ya "walio ng'ambo", kisha humwambia kila mtoto mgeni amtaje kwa jina mtu wake mmoja aliyeachwa huko. Sisi wenyeji tulichoka, tukataka kwenda kuogelea. Hata leo nayakumbuka baadhi ya majina yale.

Desturi hiyo niliirithi pamoja na mkeka na bakora, na baada ya mwaka 1992 nikaiacha ikafifia, kwa kuwa amani ilipatikana. Mahali pake tukawaombea walio mbali. Tuliwaombea Waislamu wa Bosnia, tukawaombea wa Palestina, tukawaombea Warohingya wa Burma. Sisemi kuwa tulikosea, la hasha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waumini katika kupendana na kuhurumiana ni kama mwili mmoja, kiungo kikiumwa mwili wote hukesha kwa homa. Hakutaja masafa. Lakini miaka hii nimeona jambo moja katika nafsi yangu, nami nalisema kwa kujitahayarisha mwenyewe: dua ya aliye mbali ni nyepesi ulimini kwa sababu aliye mbali hatakugongea mlango.

Tarehe 25 Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga kiitwacho Kenneth kinakuja juu yetu. Shule zilifungwa, watu wa pwani walihimizwa kuhamia mahali pa juu, nasi Chikongola tulifunga mabati kwa kamba na kukaa tukisoma. Kimbunga kikageuka kikapiga kusini ya mto, katika jimbo la Cabo Delgado, na kisiwa cha Ibo kikapoteza sehemu kubwa ya nyumba zake. Asubuhi kulipokucha shwari, watu walitoka mitaani wakishukuru. Mimi nami nilishukuru kwa sauti, mbele ya wanafunzi wangu.

Baadaye nikakumbuka kisa cha Sheikh Sari as-Saqati wa Baghdad, mjomba na mwalimu wa Junayd, kisa nilichokuwa nimekisomesha mara nyingi. Soko la Baghdad liliungua moto, akaja mtu kumwambia kuwa duka lake limesalimika. Akamhimidi Mungu. Halafu akajiuliza, je, nimefurahi nafsi yangu imesalimika ilhali Waislamu wenzangu wamepatwa na msiba? Yasemekana alikaa miaka thelathini akiomba maghufira kwa ajili ya himidi ile moja. Mimi sikufika hata siku thelathini.

Wakati huo msiba mwingine ulikuwa umekwisha anza ng'ambo. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Masheikh wa huko walikuwa wamelalamika kabla ya siku hiyo juu ya vijana waliojitenga na misikiti ya wazee wao na kuwaita wazee hao wapotofu. Moto ule haukuzimika. Mwezi Agosti 2020 mji wote wa Mocímboa da Praia ulitekwa, ukakaa mikononi mwao muda wa mwaka mmoja, hata majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoutwaa tena Agosti 2021. Usiku wa Oktoba 2020 walivuka mto wakaingia kijiji chetu cha Kitaya, wakaua, wakachoma nyumba. Tarehe 24 Machi 2021 wakaingia Palma, ambayo kwa ndege hapana hata mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Ilipofika mwaka 2022 watu karibu 1,000,000 walikuwa wamehama makwao katika jimbo hilo. Na hao wenye silaha hudai kuwa Waislamu, na takbira zao ni takbira zetu.

Hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito. Ijumaa iliyofuata Palma, katika msikiti mmoja wa hapa kwetu, imamu aliinuka kutoka katika rukuu ya rakaa ya mwisho ya Alasiri akaleta kunuti. Sote sisi ni Mashafii, kunuti ya Alfajiri twaijua tangu utoto, lakini ya Alasiri iliwashtua watu, na baada ya salamu ukazuka mzozo. Mmoja alisema ni uzushi. Huyu alijibiwa upesi, kwani kunuti ya naazila, yaani kunuti ya msiba, imo katika vitabu vyetu, na inaletwa katika sala zote tano. Wa pili alisema neno lililo gumu zaidi. Mzee mtulivu, mfanya biashara ya korosho, aliuliza, "Shekhe, tunawaombea akina nani? Wanaouawa wanasali, na wanaoua wanasali. Tena walio wengi katika nyanda za Mueda ni Wakristo. Nikiitikia amina, namwitikia nani?"

Imamu alijibu kwa kifupi kuwa tunawaombea wanaodhulumiwa, tukatoka. Lakini swali lile nililibeba nyumbani, na tangu siku hiyo nimelirudia katika vitabu vichache nilivyo navyo. Nitasema nilichokiona, na aliye na elimu kunizidi atanisahihisha.

Asili ya kunuti hii ni mwaka wa 4 wa Hijra, walipouawa kwa hadaa wasomaji wa Kurani sabini kwenye kisima cha Maauna. Mtume (S.A.W.) aliomba mwezi mzima katika sala, akawalaani makabila ya Riil, Dhakwaan na Usayya kwa majina yao. Wengi wetu tunaikumbuka sehemu hii ya laana, na kwa hakika ina utamu wake kwa mtu mwenye hasira. Lakini iko riwaya ya pili kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), nayo husomwa haraka haraka. Mtume aliomba pia kwamba Mwenyezi Mungu amwokoe Al-Walid bin Al-Walid, amwokoe Salama bin Hisham, amwokoe Ayyash bin Abi Rabia, na awaokoe wanyonge katika Waumini. Watu hawa watatu walikuwa wamezuiliwa Makka, wakifungwa na kuteswa.

Tazameni sana majina hayo. Al-Walid alikuwa ndugu yake Khalid. Salama alikuwa ndugu yake Abu Jahl, baba mmoja. Na Ayyash alikuwa ndugu yake Abu Jahl kwa mama. Ayyash huyu alikuwa amekwisha fika Madina pamoja na Sayyidna Umar. Abu Jahl na Al-Harith bin Hisham wakamfuata, wakamwambia mama yao ameapa hatachana nywele wala hataingia kivulini mpaka amwone mwanawe. Umar alimwonya, lakini moyo wa mtoto kwa mama yake ni kitu cha peke yake. Akarudi nao, na njiani wakamfunga kamba. Basi mwenye kufunga na mwenye kufungwa walinyonya ziwa moja. Nasi twaona ajabu kuwa ng'ambo muuaji na aliyeuawa wametoka chuo kimoja!

Jambo la pili katika riwaya hiyo ni kwamba Abu Hurayra aliona siku moja Mtume hakuileta tena dua ile, akauliza, akajibiwa: huoni kuwa wamekwisha fika? Dua ile, kwa hiyo, ilikuwa na majina, na ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa watu kuwasili kwa miguu yao. Sisi dua zetu hazina majina, ndiyo maana hatujui ni lini zimejibiwa.

Ama wale Wakristo wa Mueda, sikuona ugumu mkubwa. Mtume alipompeleka Muadh bin Jabal Yemen, kwa watu wa Kitabu, alimwonya aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa, kwa kuwa baina yake na Mwenyezi Mungu hapana pazia. Ikiwa dua yao wenyewe inapanda bila ya pazia, sembuse mimi kuwanyima amina yangu?

Nadhani hapa msomaji ataniona mtu mwema. Nangoje kidogo.

Ilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani ya mwaka huo huo wa 2021, muda mfupi kabla ya Magharibi. Mwanamke alikuja kibarazani kwa chuo, mwenye watoto wawili na furushi la kanga. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Palma, chenye mvuto wa Kimwani. Alikuwa amevuka mto, akaambiwa na mtu njiani kuwa Chikongola yupo mwalimu. Nilimpa maji na tende za kufuturia. Kisha nikasimama pale kibarazani na hofu yangu. Sheria ni kwamba mgeni wa ng'ambo apelekwe kwa mjumbe, na miezi ile kila mwalimu wa chuo alikuwa akijiuliza atasemwaje iwapo ataonekana na watu asiowajua. Baada ya Kitaya tulitazamwa kwa jicho la pembeni, nami siwezi kusema jicho lile halikuwa na sababu. Nikamwambia, "Pole sana, mama. Tutakuombeeni dua katika taraweh, na asubuhi nitakupeleka kwa mjumbe."

Akanijibu kwa adabu kabisa, "Ahsante, maalim. Dua ninazo tangu njiani. Sina sufuria."

Nikasema, "Asubuhi, inshallah." Nikaenda msikitini. Usiku ule kunuti ya Isha ililetwa kwa ajili ya watu wa Palma, nami nilikuwa safu ya kwanza, na nilipoitikia amina machozi yalinitoka. Niliporudi, kibaraza kilikuwa kitupu. Tende zilikuwa zimeliwa, kokwa zimewekwa vizuri juu ya kipande cha karatasi ili zisichafue. Nilizunguka mitaa miwili mitatu na tochi. Siku hizo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikuwa likisema kwamba maelfu ya waliovuka walikuwa wakirudishwa Msumbiji kwa kupitia Negomano, ambako ndiko liliko lile daraja la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010. Daraja hilo jina lake ni Umoja. Kama yeye na wanawe walikuwamo au hawakuwamo, sijui hata leo.

Nilipomweleza mama watoto kisa hicho, hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Sufuria tulizo nazo humu ndani wazijua ngapi?" Nikasema sizijui. Akasema, "Saba."

Ndugu wasomaji, mimi ninasomesha Suratul Maaun kila siku ya Mwenyezi Mungu. Watoto wa miaka sita wanaisoma kwangu bila ya kukosea. Mmoja wa wanaotegemewa sana katika kuieleza, Ibn Masud (R.A.), alipoulizwa maaun ni nini alisema ni vile vitu ambavyo watu hupeana kuazima, kama chungu, ndoo na mfano wake. Chungu! Na Sura hiyo inawaahidi adhabu wenye kusali, nasema wenye kusali, ambao wanazuia chungu. Nimeisomesha miaka ishirini na tano na sikujua kuwa inanizungumza mimi na jiko langu.

Sikuacha dua baada ya hapo, kama vile mtu awezavyo kudhani, wala sikuingiwa na fikra ya baadhi ya vijana wasemao kuwa dua ni kazi ya wasio na kazi. Mtume (S.A.W.) ametuambia kuwa Muislamu akimwombea ndugu yake asiyekuwapo, yupo Malaika aliyewakilishwa juu ya kichwa chake, humwitikia amina na kumwombea yeye mfano wa hayo. Lakini niliona kwamba dua ile ya Ramadhani nilikuwa nimeitumia kama mlango wa kufungia.

Mwezi Agosti 2023 nilialikwa hitima ya jamaa karibu na Kilambo, ambako ni mpakani na penye kivuko. Nilitoka Chikongola baada ya Alfajiri. Njia hupita kwanza katika mashamba ya mikorosho, ambayo wakati huo huanza kutoa maua, na harufu yake ni tamu mpaka kichwa kinauma. Kisha nchi huteremka, minazi ikapungua, na kabla hujauona mto wenyewe unaona bonde lake, pana, la majani na mashamba ya mpunga yaliyokwisha vunwa. Wenyeji hulima huku wakilinda viboko usiku kwa kupiga madebe. Niliwauliza kama wanaogopa zaidi viboko au watu. Wakacheka, lakini hawakunijibu.

Ruvuma mahali pale ni mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na katikati umejaa mafungu ya mchanga yanayohama kila mwaka. Bahari iko karibu, hivyo maji hupanda na kushuka pamoja na bamvua na maji mafu. Maji yakitoka, chombo hukwama. Abiria hungoja saa nzima kwa subira, hawa wana viroba vya unga, hawa wana magodoro, maana siku hizo watu wa Palma walikuwa wakirejea makwao na biashara imeanza kupumua. Mamba wako. Nilionyeshwa mmoja, nikaona gogo.

Baada ya hitima niliketi ukingoni na mpiga kasia mmoja, mtu wa makamo yangu, mzaliwa wa ng'ambo. Aliponijua ni mwalimu wa chuo aliuliza kama sisi wa mjini tunawaombea. Nikamwambia, naam, tunawaombea. Akauliza, "Mwasemaje, maalim?" Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dua nzuri. Lakini wetu mbona hawamo?"

Akanitajia watu watatu: mwanawe wa kiume, shemeji yake, na mpwa wake wa kike aliyekuwa na miaka kumi na minne alipochukuliwa, wote katika mwaka 2020. Nilikuwa na daftari la mahudhurio mfukoni, nikayaandika majina nyuma yake. Sitayachapisha hapa, kwani walio hai wanaweza kudhurika. Akaniambia pia kuwa katika waliowachukua alimtambua kijana mmoja, mtoto wa jirani, aliyesoma naye mwanawe msahafu mmoja. Akanyamaza, akafunga kamba ya mtumbwi iliyokuwa imekwisha fungwa. "Na huyo, maalim, naye mtamwombea, ama mtamlaani?"

Nilimweleza nilichokijua. Mtume alipokuwa akiwalaani watu katika sala ilishuka aya ya Suratu Aali Imran ya kumfahamisha kuwa yeye hana lake katika jambo hilo, Mungu atawasamehe akitaka au atawaadhibu, kwani hao ni madhalimu. Udhalimu wao haukufutwa, wala hukumu yao hawakuachiwa watu. Na miongoni mwa waliotajwa katika mapokezi ya aya hiyo ni Al-Harith bin Hisham, yule yule aliyemhadaa Ayyash kwa nywele za mama yake. Akaja akasilimu, na akafa mbali, huko Sham, akiwa Muislamu mwema. Mpiga kasia akasema kisa ni kizuri, lakini yeye hajafika hapo. Nikamwambia mimi nami sijafika.

Tukasali Alasiri pale mchangani, tukaleta kunuti kwa majina matatu. Sauti ya mwenzangu ilikatika kwenye jina la pili.

Niliporudi Chikongola niliirudisha desturi ya mwalimu wangu. Alhamisi, kabla ya kufungua chuo, watoto husoma Fatiha, kisha mmoja wao huyasoma majina kutoka ubaoni. Zipo na sufuria mbili, kubwa na ndogo, pamoja na ndoo, ambazo mama watoto ameziweka kwenye rafu ya chuo zikisubiri wa kuziazima; wanafunzi huziona kila siku, wala hawaulizi. Nilikwenda kwa mjumbe nikamwambia waziwazi kuwa mgeni akija kwangu atalala kwangu, na asubuhi nitamleta mwenyewe. Mjumbe alisema, "Hayo ndiyo yalikuwa matakwa ya sheria siku zote, mwalimu." Inawezekana.

Mwaka 2024 mpiga kasia alileta salamu kwa mchuuzi wa samaki. Mpwa wake amerudi. Alitoroka porini, akatembea, akafika. Amerudi na mtoto mchanga, naye baba wa mtoto huyo ni mmoja wa wale. Siku ya Alhamisi nililifuta jina lake ubaoni, na watoto walipouliza nikawaambia amefika. Walipiga makofi, jambo ambalo chuoni hatuliruhusu, nami nikajifanya sikusikia.

Habari za mtoto mchanga nazo zilienea mtaani upesi kuliko za mama yake. Wapo walioniambia kwa upole, na mmoja hakuwa mpole, kuwa mtoto wa watu wale asitajwe katika chuo cha watoto wetu. Niliwasikiliza. Walikuwa wamefiwa, baadhi yao, na mtu aliyefiwa husikilizwa. Kisha nikamtumia salamu mpiga kasia anijulishe mtoto ameitwaje, akanijulisha.

Majina ubaoni sasa ni matatu, kama mwanzo.